Safari ya Kisoro Iliyonywewa Uani

Pale Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ukiuliza nyumba ya Viviane, watakuuliza kwanza unafuata nini kwake: bitumbula au maneno. Bitumbula ni mandazi ya mviringo anayoyakaanga kila asubuhi kando ya njia iendayo Base Camp, kama mama yake alivyokuwa akikaanga kwao Walungu, Kivu ya Kusini. Hayo huyauza. Maneno huyatoa bure. Mteja akiminyaminya kitumbula kabla ya kununua, humuuliza kama anatafuta mfupa. Mchungaji akihubiri mpaka watoto wakalala, humwambia mlangoni kwamba Mungu alikuwa amesikia tangu mwanzo. Watu humkasirikia, kisha kesho yake wanarudi, maana bitumbula vyake ni vitamu, na maneno yake pia ni matamu ukiyasikia akimpa mtu mwingine.

Aliyepewa mengi kuliko wote ni mumewe, Appolinaire.

Tusimwonee. Appolinaire si mlevi, si mvivu, na hajawahi kumwinulia mkewe mkono. Analima mahindi yake, anabeba magunia ya watu kwa pikipiki mpaka Kabingo, na Jumapili anaimba sauti nzito kanisani. Ugonjwa wake ni mmoja tu, kujitayarisha. Appolinaire hawezi kutoka tu akaenda. Lazima kwanza avute kiti, aite watu, waizungumze hiyo safari mpaka safari yenyewe ichoke. Choo cha nyumba yao kilizungumzwa msimu mzima wa mvua, na waliokichimba hatimaye ni Viviane na wanawake wa kwaya, siku Appolinaire alipokwenda kuulizia bei ya sururu.

Viviane anasema ugonjwa huo ni wa zamani. Walipokimbia vita, binti yao Eliane akiwa bado wa kubebwa mgongoni, Appolinaire alisema hawezi kuiingiza familia yake katika barabara asiyoijua. Atatangulia yeye, aitazame, kisha arudi kuwachukua. Akatangulia. Wakangoja. Risasi ziliposikika ng'ambo ya mto, mama yake Viviane, bibi mmoja mkavu aliyeitwa Nabintu, hakuitisha mkutano. Alimfunga mjukuu mgongoni kwa kitenge, akajitwisha sufuria, akamwambia binti yake, "Twende." Wakaenda. Wakapita Goma, wakatembea kwa miguu Rutshuru nzima, wakavuka mpaka wa nchi pale Bunagana, wakapanda milima ya Kisoro na umati wa wenzao, na mwisho gari likawashusha Kabazana, pale wakimbizi wapya wanapoandikishwa na kulala kabla ya kupewa viwanja.

Walikuwa wamekwisha kuyazoea maharage ya Kabazana Appolinaire alipotokea, amekonda, viatu vimemwishia mguuni, analia kwa furaha. Bibi Nabintu alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, Eliane amelala mapajani. Akamtazama mkwewe kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Appolinaire," akamuuliza kwa upole kabisa, "barabara iko namna gani?"

Jengo zima lilicheka, na wakati ule watu walikuwa hawajacheka siku nyingi. Appolinaire hakulisamehe swali lile. Bibi Nabintu amezikwa Nakivale, nyuma ya kanisa, na mpaka leo mtu akilitaja jina lake, mkwewe hukumbuka kazi fulani ya kufanya mahali pengine.

Basi Eliane akakua, akaolewa na Aimable, mfanyabiashara wa viazi kule Kisoro, juu milimani, karibu na mpaka uleule aliouvuka akiwa mgongoni. Akapata mtoto wa kwanza, wa kike. Siku ile alipiga simu.

"Mama, iko muzima, iko na nywele mingi. Mwambie baba akuje amupatie jina. Tunamungoja yeye."

Viviane alilia palepale mbele ya kikaango, mafuta yakaungua, wateja wakala bitumbula vyeusi siku hiyo bila kulalamika. Alitaka kumshika yule mtoto. Hakutaka kitu kingine chochote duniani, wala hakuona aibu kusema hivyo. Kesho yake asubuhi alikuwa amekwisha kukunja vitenge viwili ndani ya mfuko.

"Unaenda fasi gani?" Appolinaire akamuuliza.

"Kwa mutoto yangu."

"Mbele yangu, miye sijaenda bado?" Appolinaire akavuta kiti. Viviane alipokiona kile kiti kikivutwa, aliuweka mfuko chini. "Mama Eliane, kwetu mwanamuke haingii kwa bakwe mbele ya bwana yake. Mutoto wa kwanza, babu ndiye anamushika, babu ndiye anapana jina. Kisha koko mwanamuke, bibi yake. Tutaenda pamoja, na pikipiki."

Desturi hiyo aliijua yeye peke yake. Viviane aliwauliza Wakongomani wa Kashojwa, wa milima ileile, wengine wakamwambia kwao bibi ndiye hutangulia, wengine kwamba anayefika ndiye anayeshika. Lakini Appolinaire alipokwisha kusema "kwetu", hapakuwa na wa kumsogeza.

Na kwa nini pikipiki? Mtu akipanda basi Mbarara asubuhi, jioni anakula viazi vya Kisoro. Hilo kila mtu alilijua. Appolinaire alilijua pia, ndiyo maana hakulitaka. Basi, alisema, ni la watu wanaobebwa. Yeye ni mtoto wa milima. Ataingia Kisoro juu ya pikipiki yake, mkewe nyuma, zawadi zimefungwa pembeni, bakwe wamesimama mlangoni wanatazama. Na jina lilikuwa tayari. Mtoto ataitwa Apollonie.

"Maskini," Viviane akasema. "Na haiko hata na meno ya kujitetea."

Mkuu wa maandalizi aliteuliwa Déo, fundi wa pikipiki jirani yao, mtu mnene mwenye sauti ya kutangaza. Déo alijiita mtaalamu wa barabara za milimani. Mwenyewe alikuwa hajawahi kupita Ntungamo, na huko kwenyewe alikwenda kwa lori, amelala juu ya ndizi. Yeye na Appolinaire wakachora safari nzima kwa mkaa kwenye ukuta wa sebule. Siku ya kwanza, Nakivale hadi Mbarara, kuipima pikipiki. Siku ya pili, Mbarara hadi Kabale, kupanda polepole. Siku ya tatu, kupumzika Kabale ili mapafu yaizoee baridi. Siku ya nne, kuvuka milima ya Kanaba na kuteremkia Kisoro.

"Punda ya Yosefu ilifika Misri bila kupumuzisha mapafu," Viviane akawaambia, kisha akapigilia msumari wa kutundikia kikaango chake palepale Kabale.

Kama ingekuwa mchoro tu, safari ingefanyika. Kilichoila safari ile ni arosaje.

Kwa Mkongomani kitu kipya hakiingii nyumbani kikavu. Ukinunua redio, viatu, hata godoro, lazima uite watu, mnywe, ndipo kitu kiwe chako. Hiyo ndiyo kuarose. Usipofanya hivyo, wanasema kitakuharibikia, na kisipoharibika watasema wewe ni bahili, jambo ambalo ni baya zaidi. Ni desturi nzuri kwa mtu anayenunua kitu kimoja kwa mwaka. Appolinaire alikuwa ananunua safari nzima, kipande kwa kipande.

Cha kwanza kilikuwa kaske, ile kofia ngumu ya pikipiki. Wakaifuata Mbarara, na Viviane akaenda nao, kwa sababu hakuamini. Muuzaji, kijana wa Kinyankore mwenye meno meupe, alimvisha Appolinaire kofia nyekundu iliyomwingia mpaka puani.

"Muzee, hii iko mzuri sana," akasema. "Kichwa yako itazoea."

"Kichwa itazoea," Viviane akarudia. "Na macho?"

"Nyabo, macho iko ndani. Macho iko salama kabisa."

Appolinaire akageuka kujitazama kwenye kioo, kofia ikabaki inatazama mlango. Akainunua. Jioni ile uani kulikuwa na Fanta, kulikuwa na kasiksi, ile pombe ya ndizi, kulikuwa na nyama ya mbuzi, na Déo alitoa hotuba juu ya usalama barabarani akiwa ameikalia hiyo kofia. Kesho yake Viviane alimwambia mumewe airudishe, abadilishiwe ndogo. Appolinaire alimtazama kama amemwambia amrudishe Eliane.

"Kitu banaisha kuarose, hakirudi tena ku duka," akasema. "Hata nani hawezi kukirudisha."

Baada ya kaske yakaja mabuti ya mpira. Uani. Baada ya mabuti, koti la mvua, refu, la kijani, ambalo Appolinaire alilivaa jua kali ili watu walione vizuri. Uani tena. Ikaja kamba ya kufungia mizigo, na hata kamba waliinywea, kamba tu, kipande cha mpira chenye ndoano mbili. Na kila kilichonywewa kilikula mafuta ya safari, kwa hiyo ilibidi Appolinaire arudi kwenye magunia ya Kabingo akayatafute upya, na alipoyapata, Déo alikumbuka kitu kingine kinachokosekana. Watu wa Kashojwa walianza kuipenda safari ya Kisoro. Walikuwa wakimsalimia Appolinaire njiani, "Mzee, safari inaendelea?" na walimaanisha nyama.

Huko Kisoro mtoto alikuwa anaitwa Bebe. Bebe amecheka. Bebe amegeuka mwenyewe. Bebe anakaa. Kila habari ilipofika kwa simu, Viviane aliisikiliza akiwa amekaa chini, mkono kifuani, na alipokata simu alitoka nje kumtafuta mumewe ampe maneno. Aliyatoa vizuri kweli. Alimwita Waziri wa Barabara. Alimwita Bwana Kesho. Alisema mjukuu ataolewa, na babu atakuwa bado ananunua kioo cha pikipiki. Watu walikaa mbele ya meza yake ya bitumbula wakishika mbavu, na kwa kweli biashara yake haijawahi kuchangamka kama miezi ile.

Siku moja Eliane alipiga simu, na hakucheka.

"Mama, Bebe iko na jino," akasema. "Na mama ya Aimable amechoka."

Mama yake Aimable aliitwa Jocelyne, na alikuwa na haki ya kuchoka. Mwanawe ni Mkatoliki, padri anataka kubatiza, ubatizo umesogezwa na kusogezwa kwa ajili ya babu wa Nakivale mwenye pikipiki. Sasa umewekwa Jumapili ijayo. Jocelyne amesema mtoto hawezi kuingia kanisani akiitwa Bebe. Kama upande wa Nakivale hautafika, atatoa jina yeye, na jina ni lake mwenyewe, Jocelyne, na upande wa Nakivale usije tena kuulizia kitu. "Atasema hamumutaki mutoto," Eliane akasema.

Viviane alimfikishia mumewe neno kwa neno, safari hii bila utani. Appolinaire alishtuka kweli. Akasimama. "Tunaondoka Alhamisi," akasema, na Viviane akaona machoni mwake kwamba anamaanisha. Jumatatu alikwenda Kabingo, Jumanne alilipwa. Jumatano Déo aliitazama pikipiki, akapiga teke matairi, akatikisa kichwa. Kwa matairi haya, Kanaba haipandiki. Ikabidi yanunuliwe mapya. Matairi mapya, mawili, meusi, yenye meno. Unafikiri waliyaacha makavu?

Alhamisi waliamka mchana. Appolinaire alikuwa na kichwa kinachogonga, na barabara ya milimani, Déo alisema, haitaki mtu mwenye kichwa kinachogonga. Safari ikawa Ijumaa. Ijumaa ni siku mbaya ya kuanza safari. Ikawa Jumamosi, alfajiri kabisa, wakipunguza siku ya mapafu.

Alasiri ile Viviane alikaa mbele ya meza yake akawa anawaeleza wateja habari ya matairi. Aliigiza Déo akipiga teke. Aliigiza Appolinaire amelala na koti la mvua, anakoroma, mabuti miguuni. Watu walicheka mpaka mmoja akadondosha kitumbula. Jirani yake wa biashara, Pulchérie, Mrundi anayeuza nyanya, mwanamke wa rozari na maneno machache, yeye hakucheka. Alingoja wateja waondoke.

"Mama Eliane," akasema akifuta nyanya kwa ncha ya kitenge, "weye unajua kuchekesha. Mimi nacheka nawe siku zote. Lakini naona Baba Eliane iko hapa, na weye uko hapa. Mutoto anakua mukubwa hivi, nani amefika kumuona?"

Akaendelea kupanga nyanya.

Viviane alibaki ameshika mfuniko wa ndoo. Aliona aibu, aibu ya moto iliyompanda hadi masikioni. Alijiona miezi yote ile amesimama mlangoni kwake akitema maneno, watu wanacheka, na jua linazama, na kesho anatema mengine. Appolinaire alikuwa akinywa safari, naye alikuwa akiichekea, na Kisoro hakuna aliyefika. Mama yake hakuwa mtu wa kuchekesha hata kidogo. Mama yake alisema "Twende" akajitwisha sufuria.

Ijumaa kabla ya jua alifunga mfuko wake. Appolinaire alikuwa kitandani, jicho moja limefunguka.

"Ninaenda Kisoro," Viviane akamwambia. "Na basi."

Appolinaire akacheka usingizini. Alikuwa ameoa mdomo ule miaka mingi, na alikuwa amezoea. "Basi unisalimie bakwe," akasema, akageukia ukuta wa sebule, upande wa Kabale.

"Nitabasalimia," Viviane akasema.

Alimuaga Pulchérie, na mpaka Mbarara akafika kwa gari la watu wa soko, na huko basi lilikuwa likiunguruma linangoja. Alikaa dirishani, mfuko mapajani, akaogopa. Tusiseme uongo. Aliogopa bakwe watamwonaje mwanamke anayekuja peke yake, aliogopa mumewe, aliogopa kwamba mtoto atamlilia kama wanavyomlilia mgeni. Baada ya Ntungamo vilima vilianza kukua, na baada ya Kabale basi likaingia milima yenyewe, makonde yamekatwa ngazi ngazi mpaka juu, mtama huku, viazi kule, na ukungu umelala barabarani hata dereva akawasha taa. Lilipanda likijikunja na kujikunjua. Ile ndiyo Kanaba isiyopandika. Viviane aliona bodaboda wa huko wakiipanda na magunia ya viazi, wengine na kuku, mmoja na mbao za jeneza na mjane, matairi yao vipara kabisa.

Halafu mlima Muhabura ukatokea ng'ambo, na akaitambua barabara. Sufuria ilikuwa hapa, kichwani mwa mama yake. Eliane alikuwa hapa, mgongoni, akilia njaa. Waliipita hii kwa miguu. Viviane alilia kimya mpaka stendi ya Kisoro, na abiria wa pembeni, mwanamume mzima, akampa ndizi.

Jioni ile Eliane alimwona mama yake mlangoni akapiga kelele ya mtoto mdogo. Jocelyne alitazama nyuma ya Viviane, akatafuta pikipiki, akatafuta babu, hakuona kitu.

"Bwana yako iko wapi?"

"Iko anajitayarisha," Viviane akasema. "Miye niko hapa. Nipeni mutoto."

Wakampa. Alikuwa mzito, ana nywele nyingi, ana lile jino moja. Alimtazama Viviane kwa macho makali, akamshika mdomo kwa vidole vyake vyote, akauvuta. Hakulia. Simu ilitetemeka kiunoni. Ujumbe ulitoka kwa Appolinaire, ambaye Pulchérie alikuwa amekwisha kumweleza kwa nini hakuna chakula: "Usimushike mutoto mbele yangu. Ninakuja." Viviane aliusoma mtoto akiwa mkononi, akairudisha simu mahali pake.

Jumamosi hakuja mtu. Jumapili asubuhi, wamevaa, mtoto amevikwa gauni jeupe, Jocelyne alisimama katikati ya sebule, akasema alilokuwa na haki ya kulisema. Wamengoja. Wameheshimu. Sasa padri anangoja, na jina atatoa yeye.

Eliane alimtazama mama yake. Viviane alijua analotakiwa kusema. Angeweza kusema Apollonie, na Appolinaire angekuwa amefika Kisoro, jina lake limebebwa na mkewe kwa basi kama kifurushi. Mdomoni mwake neno hilo lilikataa.

"Mama Aimable," akasema, "una haki. Sisi tumewachelewesha, na miye mwenyewe nilikuwa ninacheka tu. Sitakudanganya. Lakini kuna mutu wa kwetu mwenye hakuchelewa. Mama yangu alipita hii barabara yenu na miguu, toka Bunagana. Bibi arusi yako, Eliane, alikuwa juu ya mugongo yake. Kama yeye alikaa kungoja mutu aangalie barabara, leo hauna mukwe, hauna huyu mutoto. Aliitwa Nabintu. Hakuna kitu ingine naomba."

Jocelyne alikuwa mwanamke wa mpakani, watu wa kukimbia aliwaona wakipita mlangoni kwake tangu ujana wake, na wengine aliwapa maji.

"Na miguu?" akauliza.

"Na miguu. Na sufuria ku kichwa."

"Sufuria," Jocelyne akasema taratibu, kana kwamba hilo ndilo lililomshinda. Kisha akamgeukia mwanawe. "Aimable, tutoke. Padri atatuacha. Na tukirudi tupitie Fanta, hatuwezi kuacha jina kavu. Ndiyo desturi yao hawa batu."

Alasiri, sebule imejaa, chupa zinapita mkono hadi mkono, simu ya Viviane ililia. Alitoka nayo mpaka barazani, mtoto amefungwa mgongoni. Upande wa pili kulikuwa na muziki, na sauti ya Déo ikitangaza kitu.

"Mama Eliane," Appolinaire akasema kwa furaha kubwa, hasira yote imemwisha, "tuko Mbarara. Tulitoka jana. Etapu ya kwanza, ile siku ya kupima pikipiki, imeisha bila shida hata kidogo. Tunaiarose kidogo hapa, kesho asubuhi tunapanda. Ambia bakwe bangoje, basitoe jina bila miye. Ambia bangoje."

"Jina bamekwisha kulitoa."

"Nani?"

"Miye."

"Liondoe," Appolinaire akasema. "Padri aandike ingine. Mwambie babu iko njiani."

"Bamekwisha kuliarose, Baba Eliane," Viviane akamwambia. "Na Fanta. Halirudi tena ku duka."

Hapo Viviane alimsikia Appolinaire akisogea mbali na muziki, mabuti yake ya mpira yakigonga sakafu. Alimjua mtu huyu. Alijua ameivua ile kaske na kuishika mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miezi yote ile, hakutaka kucheka.

"Ni jina gani?" Appolinaire akauliza kwa sauti ndogo.

"Nabintu."

Mtoto alisikia, au hakusikia, akapiga miguu mgongoni. Viviane akamtikisa kidogo, akatazama barabara iliyokuwa ikiteremka kutoka Kanaba, tupu, jua limeikausha.

"Na barabara, Baba Eliane?" akamuuliza, kwa upole kabisa. "Iko namna gani?"

Ndani walikuwa wanamwita, Fanta yake inapata moto. Appolinaire akajibu, na hakutafuta kisingizio.

"Iko muzuri," akasema. "Hata zamani ilikuwa muzuri."

"Basi kuja," Viviane akamwambia. "Basi linatoka asubuhi."